Paji Jipya la Mwalimu wa Kwaya

Mtunza ghala wa idara ya maji alikuwa na miaka hamsini na minane, na ishirini na minne kati ya hiyo aliitumia kuamini kwamba yeye peke yake ndiye kwaya. Wale wengine, watu arobaini waliokuwa wakiacha kazi zao kila Jumatano saa tisa alasiri kwenda kuimba kwenye bwalo la wafanyakazi, aliwaona ni vifaa tu, sawa na koki na mabomba aliyokuwa akiyagawa dirishani kwake kwa karatasi ya kusaini. Mbele yake walimwita Mwalimu. Akishageuka walimwita Piko, kwa sababu ya rangi aliyokuwa akijipaka kichwani kila baada ya wiki mbili, nyeusi mpaka inatia mashaka. Yeye alidhani siri ile ipo kati yake na kioo cha bafuni.

Mke wake alijua. Naye alikuwa mfanyakazi wa idara hiyohiyo, kwenye dirisha la malalamiko, na mwanamke aliyekaa miaka kumi na tisa akitukanwa na watu ambao mabomba yao hayatoi maji hadanganywi na kopo lililofichwa nyuma ya sabuni. Lakini hakusema kitu. Mume akijipaka rangi, alimwambia mwenzake wa dirisha la pili, angalau anakaa bafuni dakika arobaini na nyumba inapata utulivu. Kwenye kwaya alikuwa sauti ya pili, mstari wa mbele, na kifua chake hakikuwahi kuhitaji kipaza sauti.

Sasa lazima ielezwe kwaya hii ilivyokuwa ikiongozwa, maana bila hilo upumbavu wote unaofuata hautaeleweka. Piko alikuwa mpiga kinanda na mwongozaji kwa wakati mmoja. Mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi, hakubaki na mkono wa kuongozea. Mtu mwenye busara angemtafuta mpiga kinanda wa kumsaidia, lakini Piko hakuwa tayari kugawana makofi na mtu yeyote. Basi waimbaji, bila kikao wala tangazo, wakajifunza kusoma paji la uso wake. Lilikuwa paji pana, lenye mikunjo minne mirefu, na chini yake nyusi nene ambazo hazikujua kutulia. Nyusi zikipanda, kwaya ilipaza sauti. Zikishuka na kukaribiana juu ya pua, kwaya ilipunguza. Nyusi ya kulia ikinyanyuka peke yake, besi waliingia. Na mwisho wa wimbo, kwenye ile noti inayovutwa, wote waliikodolea macho ile mikunjo minne. Paji likikunjuka na nyusi zikishuka, midomo arobaini ilifumba kwa pamoja.

Kuhusu noti hiyo ya mwisho Piko alikuwa mkali kupita kiasi. Aliyeikata kabla ya wenzake aliambiwa achukue mkoba wake atoke nje, na kuna karani mmoja wa ankara alitolewa hivyo na hakurudi tena. Kwa hiyo hata mwanachama mgeni, siku ya kwanza tu, wakongwe wa mstari wa nyuma walimnong'oneza, "Usiangalie mikono, mikono inapiga kinanda. Angalia paji, na usinyamaze mpaka lishuke."

Maneno hayo yalirithishwa miaka yote hiyo, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenye paji. Walidhani anajua. Mtu gani anaongoza watu kwa uso wake asijue kwamba anaongoza kwa uso wake? Lakini Piko hakujua hili wala lile. Aliamini kwamba wanafuata kinanda. Aliamini kabisa, bila aibu, kwamba vidole vyake ndivyo vinavyomnyamazisha fundi bomba, mtu ambaye akishusha besi yake vijiko vinatetemeka kwenye makabati ya bwaloni.

Alipougua au alipokwenda likizo, kwaya iliongozwa na msaidizi wake, msoma mita, mwanamke wa miaka thelathini na sita aliyefundishwa kuimba na Piko mwenyewe. Yeye hakujua kupiga kinanda, na uso wake ulikuwa laini kama sahani, hauna cha kusomwa. Kwa hiyo alisimama mbele akatumia mikono. Kwaya iliimba vizuri, tena vizuri sana, na Piko aliposimuliwa alijisikia kama aliyekanyagwa kidole. "Anapunga mikono kama anafukuza nzi kwenye nyama," alisema. Alilirudia neno hilo kwa kila aliyekuja dirishani, mpaka watu wakawa wanajisainia vifaa vyao na kuondoka kabla hajalifikia.

Balaa lilianza siku afisa ustawi alipokuja ghalani kuchukua balbu.

"Mwalimu, wiki sita zijazo tunazindua tangi jipya," akasema huku akisaini. "Mkurugenzi anataka kwaya irekodiwe video, iwekwe kwenye tovuti ya idara. Sasa, baada ya hapo uongozi utaamua nani aendelee na kwaya. Wewe, au yule msaidizi wako. Usilichukulie vibaya."

"Nimeiongoza miaka ishirini na minne."

"Ndiyo hiyo yenyewe. Wanataka wapate na sura changa mbele ya kamera. Unajua mambo ya siku hizi."

Afisa ustawi akaenda zake na balbu yake, hata hakukumbuka alichosema. Yule alikuwa mtu wa kusema lolote linalomjia mdomoni, na laiti Piko angempuuza kama wote walivyompuuza. Lakini neno sura lilimwingia Piko mpaka kwenye mifupa. Kwaya ndiyo ilikuwa kitu pekee kilichomfanya asiwe mgawa koki. Akiinyang'anywa, angebaki na funguo, rafu na vumbi mpaka siku ya kustaafu. Hakujiuliza kama wimbo wake umekaa sawa, wala kama besi wanaingia kwa wakati. Alikwenda kusimama mbele ya kioo cha dirisha la ghala, akaiona mikunjo minne, akaichukia mara moja kama vile imeota asubuhi ile.

Aliweka viganja viwili juu ya paji akalivuta kuelekea utosini. Mikunjo ikapotea. Akajiona mtu wa miaka arobaini na tatu, tena mwenye heshima zake. Fundi bomba aliyekuja kuchukua spana alimkuta amesimama hivyo, kichwa mikononi, macho juu.

"Pole, Mwalimu. Msiba?"

"Mafua," Piko akajibu.

Kliniki aliyoipata ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Chumba cha kusubiria kilikuwa na viti vyeupe na picha za watu waliokwisha kutengenezwa, wote wakiwa na nyuso za watu walioambiwa jambo wasilolitarajia. Mtu mzima mwenye akili zake timamu angeziangalia picha zile akashuka ngazi. Piko alizisifu. Daktari mwenyewe alikuwa na paji linalong'aa kama yai lililomenywa, na alizungumza polepole, kama anayeuza kitu kisichorudishwa. Alimchora Piko mistari ya buluu juu ya nyusi kwa kalamu, akamkabidhi kioo.

"Nyusi zimeshuka na ngozi imelegea," akasema. "Tunapasua hapa nyuma ya mstari wa nywele, tunavuta juu, tunashona. Halafu hii misuli ya katikati, inayokunja uso, tunaipunguza nguvu. Hutakunja uso tena."

"Kabisa?"

"Kabisa. Unafanya kazi gani, Mzee?"

Neno Mzee lilimchoma, akalimeza. "Mimi ni mwanamuziki. Napiga kinanda."

"Basi hakuna tatizo. Mwigizaji ningemwambia afikirie mara mbili, yeye uso ndio kazi. Wewe kazi yako ni mikono."

"Kazi yangu ni mikono," Piko akakubali, akatia saini.

Kwa mke wake alisema anakwenda semina ya watunza ghala, mji mwingine, siku tisa. Kwa kwaya alisema anakwenda kutibiwa macho. Uongo wa aina mbili kwa watu wanaofanya kazi kwenye jengo moja, na mmoja wa hao anakaa dirisha la malalamiko ambako hakuna habari inayopita bila kusimama. Huyo ndiye mtu aliyekuwa akijiona mjanja. Siku ya pili tu fundi bomba aliinama dirishani akamuuliza mke wa Piko, "Macho ya Mwalimu yanaendeleaje?"

"Macho gani?" akauliza mke.

Fundi bomba akaelewa kwamba ameharibu, akasema anaitwa na mtu.

Piko alirudi siku ya tisa amevaa kofia mpaka masikioni na miwani myeusi, saa nane mchana, akitembea kandokando ya ukuta. Mke wake alikuwa amechukua ruhusa makusudi kumsubiri. Alikuwa sebuleni, mikono kifuani.

"Semina imekwendaje?"

"Salama. Nzito kidogo."

"Wanavaa miwani ya jua kwenye semina za ghala siku hizi? Hebu vua."

Alivua. Macho yalikuwa yamevimba na kupata rangi ya biringanya. Mke akanyoosha mkono akaiondoa kofia mwenyewe, na hapo akauona mshono, umetoka karibu na sikio hili ukapita kichwani hadi karibu na sikio la pili, kama mdomo wa gunia. Alikaa chini. Alitaka kucheka na alitaka kulia.

"Baba watoto," akasema hatimaye, "umekwenda kupasuliwa kichwa ili uonekane kijana."

"Nimejitunza tu. Kila mtu ana haki ya kujitunza."

"Mimi nina miaka hamsini na mitano na mashavu yananifuata chini. Na mimi nikapasuliwe?"

"Wewe hutakuwa mbele ya kamera."

"Mimi ni mstari wa mbele, Baba watoto. Miaka kumi na minane nipo mstari wa mbele, mita mbili kutoka kwenye kinanda chako."

Wanaume wa aina ya Piko wakikosa jibu hutoa amri. "Habari hii isitajwe tena kwenye nyumba hii," akasema, na ili amri ishike akataka kukunja uso kama alivyozoea. Hakuna kilichokunjika. Mke alimtazama akisubiri ukali ufike. Alisubiri mpaka akaona haya kwa niaba yake.

"Lakini lile paji," akaanza, "watu wa kwaya wana..."

"Nimesema isitajwe."

"Haya," akasema mke, akaenda kupika. Kila mtu ana kikomo chake, na chake kilikuwa kimefika.

Uvimbe ulishuka, nyuzi zikatolewa, na Piko akawa mpya. Lazima tuseme ukweli: mikunjo ilikuwa imekwisha. Paji lilikuwa laini, limetandazwa kama shuka la hospitali. Kasoro ni kwamba nyusi zilikuwa zimepanda juu zikakaa hukohuko. Akinywa chai, alikuwa na uso wa mtu aliyeshangaa chai. Akisaini koki, alishangaa koki. Mlinzi wa getini alimsalimia asubuhi, kisha akageuka nyuma kuangalia ni kitu gani Mwalimu amekiona. Piko mwenyewe alipita kila kioo taratibu, ameridhika.

Jumatano ya kwanza bwaloni, zikiwa zimebaki wiki mbili, alikaa kwenye kinanda kama bwana harusi. Wimbo wa siku ile kubwa aliutunga mwenyewe, unaitwa Tone kwa Tone. Ubeti wa kwanza huimbwa kwa kunong'ona, wa pili huingia besi, na wa tatu hupanda mpaka neno milele, ambalo huvutwa kisha hukatwa ghafla. Waimbaji wakainua macho kumtazama, wakazikuta nyusi ziko juu kabisa. Wakatii. Ubeti wa kunong'ona waliuimba kama watu wanaoita zimamoto. Kwenye ubeti wa pili fundi bomba na besi wenzake walisubiri nyusi ya kulia inyanyuke peke yake, na kwa kuwa zote mbili zilikuwa zimenyanyuka tangu asubuhi, ubeti ukapita wao wameachama midomo. Milele waliivuta mpaka mpiga chapa mmoja wa sauti ya kwanza akapaliwa, na hapo ndipo wote wakaponea.

Piko alisimama kwa hasira. "Mmeziba masikio kwa pamba? Nimeondoka wiki tatu tu, tayari mmesahau kuimba?"

Alikuwa amekasirika kweli, sauti ilimtetemeka. Lakini uso ulikuwa wa mtu anayeuliza kwa upole, anayetaka kufahamu. Watu wakatazamana.

"Hapana, Mwalimu," akajibu mmoja kutoka nyuma, kwa adabu. "Hatujaziba."

Walirudia mara sita na mara sita waliharibu. Wale watu hawakuwa wajinga, walishajua tatizo liko wapi, na wengi walikuwa wakiuma midomo wasicheke. Ila nani angemwambia? Nani angemwambia mtu mwenye mshono mbichi chini ya piko kwamba amelipa akatolewa kitu pekee kilichokuwa na faida kichwani mwake? Walimwogopa, na zaidi ya kumwogopa walimwonea aibu, nayo aibu humziba mtu mdomo kuliko woga.

Msoma mita ndiye aliyepiga moyo konde. Kesho yake alikwenda ghalani na kitabu chake cha mita kwapani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unataka kifaa gani?"

"Sitaki kifaa. Nimekuja kuomba nikusaidie siku ile. Wewe upige kinanda, mimi nisimame mbele nioneshe kwa mikono. Uongozi ubaki wako, mimi nitakuwa naonesha tu."

Piko akatabasamu. Alikuwa akiusubiri ujanja huo. "Nani kakutuma?"

"Hakuna. Ila Mwalimu, nakuomba unisikilize. Wale watu wanaliangalia paji lako."

"Najua kwamba wanaliangalia."

"Unajua?"

"Nimewaona. Hawabandui macho." Akajipapasa nywele kidogo. "Na waendelee kuliangalia, sasa kuna cha kuangalia. Wewe nenda kasome mita."

Binti wa watu alikuwa amekuja kumwokoa mtu aliyemfundisha kuimba, na mtu mwenyewe alikuwa akijitazama kwenye kioo cha dirisha nyuma yake. Aliaga akaenda.

Tangi lilizinduliwa Ijumaa, saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa idara uliofagiliwa mpaka nyasi zikang'oka. Kulikuwa na viti vya wageni, kitambaa cha kukatwa, na mpiga video aliyesimika kamera katikati mbele ya wote. Kwaya ilijipanga mistari mitatu, sare za buluu, na kinanda kikawekwa pembeni. Piko alikisogeza mwenyewe mara tatu ili uso wake upate mwanga mzuri. Alikuwa na tai mpya. Mkurugenzi alikaa kiti cha katikati, afisa ustawi nyuma yake akimnong'oneza mambo.

Ubeti wa kwanza ulipigwa kelele, lakini wageni walidhani ndivyo ulivyotungwa. Ubeti wa pili besi hawakuingia, na wageni hawakujua kwamba kuna besi. Piko alianza kutokwa kijasho chembamba, hata hivyo alijipa moyo. Wimbo bado ulikuwa unasimama, kamera ilikuwa inamwangalia, na ubeti wa tatu kazi yake ni kupanda, na bila yeye kujua paji lile lilikuwa limeumbwa upya kwa kupanda tu. Walipanda vizuri. Wakafika kwenye milele, wakaishika kwa nguvu zote, watu arobaini, na kwa sekunde chache ilikuwa sauti ya kumsimamisha mtu nywele.

Piko akapiga pigo la mwisho, akainua vidole kutoka kwenye kinanda kwa madaha, akageukia kamera akitabasamu. Kwake wimbo ulikuwa umekwisha.

Kwaya haikunyamaza. Macho yote yalikuwa kwenye paji lake, na paji halikuwa limeshuka. Leee, wakaendelea. Wageni wakaanza kupiga makofi, wakaona aibu, wakaacha. Piko akageuka, akaguswa na hofu, akapiga pigo la mwisho tena ili waelewe. Wao wakaelewa kwamba anawaongezea. Leee. Akawakazia macho, akajitahidi kuukunja uso kwa kila msuli aliopewa na Mungu, meno yakasagana, masikio yakacheza, na juu ya macho kukabaki kweupe, kumetandazwa, kunashangaa. Fundi bomba mishipa ya shingo ilimtoka. Mpiga chapa aliketi chini taratibu, huku akiendelea kuimba. Mke wa Piko, mita mbili kutoka kwenye kinanda, aliiba pumzi puani na kuendelea, macho yamemtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza. Miaka ishirini na minne walifundishwa kwamba wa kwanza huchukua mkoba wake, na mafunzo hayo walikuwa wameyashika barabara.

Mkurugenzi akaangalia saa yake.

Ndipo msoma mita akatoka kwenye mstari wa sauti ya kwanza, akasimama mbele ya wenzake, akainua mkono mmoja na kuukunja ngumi. Kukawa kimya. Ukimya ule ulikuwa mzuri kuliko kitu chochote walichoimba asubuhi ile, na wageni wakasimama wakapiga makofi kwa shukrani ya kweli. Mkurugenzi aliinamia kipaza sauti. "Huyu dada aliyewanyamazisha," akauliza mbele ya wote, "ni nani?"

Barua ilifika ghalani Jumatatu, mistari miwili na muhuri. Uongozi wa kwaya umekabidhiwa msoma mita. Mpiga kinanda anaweza kuendelea na kinanda, akipenda. Piko aliikunja akaitia mfukoni, na siku nzima akagawa koki bila kumsema mtu. Waliokuja dirishani walimpa pole, lakini kwa jinsi alivyoonekana amefurahia ujio wao, wakaona labda habari haijamfikia.

Jumamosi mchana video ilitoka kwenye tovuti. Mke wake aliifungua kwenye simu, akaiegemeza kwenye chupa ya chai juu ya meza. Piko alivuta kiti, na mtu yule hata baada ya yote, Mungu amsamehe, kitu cha kwanza alichotafuta ni paji.

"Si unaona?" akasema. "Hakuna hata mstari mmoja. Ukiniona hapo utasema nina miaka hamsini na minane?"

"Tazama mpaka mwisho," akasema mke.

Alitazama. Alijiona akiinua vidole na kuigeukia kamera kwa tabasamu. Kisha akaona kitu ambacho katika miaka yote hiyo hakuwahi kukiona, kwa sababu kila wimbo alikuwa ameinamia kinanda au anayawazia makofi. Pembeni yake nyuso arobaini zilikuwa zimemgeukia yeye. Hakuna aliyeangalia kamera wala mkurugenzi. Fundi bomba, mpiga chapa, wakongwe wa nyuma, mke wake mwenyewe, wote walikuwa wakimtazama juu ya macho, wakisubiri, kwa imani kubwa, kwamba sasa hivi atawaruhusu.

Piko akaisimamisha video kwa kidole. "Mbona mnaniangalia hivi?"

"Tunasubiri paji lishuke."

"Paji?"

"Ndilo lililokuwa likituongoza, Baba watoto. Likipanda tunapaza, likijikunja tunapunguza, likishuka tunanyamaza. Toka mwanzo. Nilitaka kukuambia ukanikataza, na yule binti alikuambia ukamfukuza."

"Na kinanda?"

"Fundi bomba akiimba nani anasikia kinanda?"

Piko aliendelea kuitazama simu mpaka ikajizima yenyewe, na hapo akabaki anaangalia kioo cheusi. Mke wake alikuwa amejiandaa kumsema. Maneno alikuwa nayo, tena makali, ameyapanga tangu siku ya mshono ule wa gunia. Lakini kwanza alimwangalia usoni, kama alivyomwangalia kwa miaka thelathini na mmoja kabla ya kusema neno zito, apate kujua limempata kiasi gani, kama amsogelee au amwache. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza. Alikuwa akiona. Siku ile aliona mtu aliyeletewa zawadi asiyoitarajia.

Alimchunguza upande huu na upande ule, akatafuta, akakosa.

"Unaumia?" akauliza.

Piko akasema ndiyo, anaumia sana, na mke wake akalazimika kuliamini kwa kusikia tu.